Kazi ya kusema 'ninaumwa' kwa niaba ya mwingine

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali kabla hujageuza ukurasa kutafuta mapishi. Umewahi kumsindikiza mzazi wako kwa daktari, nawe ndiwe ukawa mdomo wake? Mama anasema kwa lugha ya nyumbani, wewe unageuza kwa Kiswahili au Kiingereza. Daktari anajibu, nawe unamrudishia mama kwa lugha anayoielewa. Ikiwa umewahi, basi ya leo yanakuhusu.

Mimi niliifanya kazi hiyo mwaka 1999, nikiwa darasa la tano, umri wangu miaka 11. Mgonjwa alikuwa Susu, ndivyo tuwaitavyo nyanya zetu sisi Wakamba. Susu hakujua Kiswahili ila maneno ya sokoni, na Kiingereza alikisikia redioni tu. Baba alikuwa kazini Nairobi, mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hivyo nikavalishwa sare ya shule, maana ndiyo iliyokuwa nguo yangu safi, nikapanda matatu pamoja na Susu hadi hospitali ambayo sitaitaja jina. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza maswali mawili matatu ya kawaida, nami nikayatafsiri kwa maringo yote ya mtoto anayeongoza darasa katika Kiingereza. Kisha akauliza: je, nyanya yako hutokwa na damu, ingawa siku zake zilikoma zamani?

Msomaji wangu, nilihisi uso ukiwaka moto. Maneno hayo kwa Kikamba nilikuwa nimeyasikia tu, akina mama wakinong'onezana mtoni, na hakuna aliyewahi kuniruhusu kuyatamka. Ningemwambiaje Susu jambo kama hilo, tena mbele ya mwanamume? Nikamgeukia nikamuuliza kama chakula humtapisha. Susu akatikisa kichwa. Nami nikamwambia daktari, "Hapana."

Tukaandikiwa dawa ya tumbo, tukaenda zetu. Nitarudi kwa Susu baadaye.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu siku hizi nimekuwa nikisoma habari za watu ambao, kule Marekani, hulipwa mshahara kwa kazi niliyoifanya mimi siku ile. Ni wafasiri na wakalimani wa Kihispania katika zahanati za mitaa na mashirika yasiyo ya kutafuta faida. Marekani ina watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania nyumbani mwao. Wengi wao wanajua Kiingereza vizuri, lakini yuko mama anayechuma stroberi mashambani California, yuko mzee anayeosha vyombo katika hoteli ya Chicago, na hao wakiugua, Kiingereza chao huishia mlangoni kwa daktari.

Kwanza tutenganishe majina mawili. Mfasiri hushughulika na maandishi, mkalimani hushughulika na maneno ya mdomo. Hiyo ni elimu ya vitabuni. Katika zahanati ya mtaa isiyo na fedha nyingi, mtu ni huyo huyo mmoja. Asubuhi yumo katika chumba cha daktari akikalimani mama mjamzito na mkunga. Alasiri yuko mezani akifasiri kijikaratasi cha kuwaeleza watu ugonjwa wa sukari. Jioni yuko katika ukumbi wa shule pamoja na wanawake waitwao promotora, yaani wakazi wa mtaa waliofundishwa mambo ya afya ili wapite nyumba hadi nyumba, kama wahudumu wetu wa afya ya jamii wanavyofanya na mikoba yao.

Na wanaingiaje katika kazi hii? Si wachache walioanza kama nilivyoanza mimi, wakiwa watoto, wakiwasemea wazazi wao wahamiaji kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu mkuu na kwa daktari. Baadaye mtu hukua akagundua kwamba ule mzigo wa utotoni ni ujuzi unaotafutwa. Lakini kujua lugha mbili hakutoshi. Ni kama kuwa na mikono miwili: haikufanyi mpiga piano. Inatakiwa mafunzo ya angalau saa 40, kisha mtihani. Tangu mwaka 2009 kuna taasisi mbili nchini humo zinazotoa vyeti vya ukalimani wa hospitali. Saa 40, nanyi! Fundi wa cherehani wa mtaani kwetu alijifunza kushona suruali kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo ni bora kuliko sifuri, na miaka mingi iliyopita ilikuwa sifuri.

Jambo la kwanza wanalofundishwa litakuchekesha. Mkalimani hasemi, "Anasema anaumwa na tumbo." Husema, "Ninaumwa na tumbo." Anavaa nafsi ya mgonjwa. Kwa hivyo unaweza kumkuta bwana mwenye ndevu, sauti nzito, akimwambia daktari kwa utulivu kabisa, "Nina mimba ya miezi saba na mtoto wangu hachezi tangu jana." Mwanzoni wanafunzi huangua kicheko. Lakini sababu yake ni nzuri. Ukisema "anasema," daktari huanza kuzungumza nawe wewe, na mgonjwa hubaki pale kama mzigo ulioletwa na mkokoteni. Ukisema "mimi," daktari hana budi kumtazama mgonjwa usoni.

La pili ni kwamba kila kitu husemwa. Mgonjwa akitukana, tusi linafasiriwa. Daktari akimnong'oneza muuguzi jambo mbele ya mgonjwa, nalo linafasiriwa. La tatu ni siri, na hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kuishi katika mtaa wenye midomo.

Kwa nini masharti yote haya? Ngoja nikupe kisa kinachojulikana na kila mkalimani wa Kihispania katika Marekani. Mwezi Januari mwaka 1980, kijana wa miaka 18 aitwaye Willie Ramirez alipelekwa hospitalini huko Florida akiwa amezimia. Jamaa zake, watu wenye asili ya Cuba, walimwambia daktari kwamba kijana alikuwa "intoxicado." Kwao neno hilo lina maana ya mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa, kama vile mtu aliyekula nyama iliyoharibika. Lakini linafanana mno na neno la Kiingereza lenye maana ya kulewa, na hospitali ikaelewa kwamba kijana amezidisha dawa za kulevya. Akatibiwa hivyo. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo wake. Siku mbili zikapita kabla ya kugunduliwa, na kufikia hapo mikono na miguu yake yote minne ilikuwa imepooza. Hakuwako mkalimani chumbani. Hakuna aliyemwita, kwa sababu kila mmoja alidhani ameelewana na mwenzake. Malipo waliyokubaliana baada ya kesi yangefikia takriban dola milioni 71 kwa maisha yake yote.

Hebu fikiria hapo. Mkalimani mmoja angelipwa mshahara wa maisha yake yote, na wa watoto wake, na wa wajukuu, na chenji ikabaki.

Utaniambia hicho ni kisa kimoja tu cha ajabu. Basi, mwaka 2003 daktari wa watoto Glenn Flores pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wao. Walirekodi mazungumzo 13 katika zahanati ya watoto, baina ya madaktari wa Kiingereza na familia za Kihispania, wakayasikiliza neno kwa neno. Walipata makosa 396 ya ukalimani, yaani wastani wa makosa 31 katika kila ziara. Mengi yangeweza kumdhuru mgonjwa, na hatari ilizidi pale aliyekalimani alipokuwa mtu aliyeokotwa tu, muuguzi asiyefundishwa au ndugu wa mgonjwa. Mama mmoja aliambiwa amtie mtoto dawa ya amoxicillin masikioni, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa wa masikio. Dawa hiyo ni ya kunywa. Na miongoni mwa wakalimani hao wa kuokotwa alikuwemo mtoto wa miaka 11.

Niliposoma umri huo niliweka gazeti chini nikaenda kupika chai.

Makosa hayaishii mdomoni. Kuna neno moja dogo ambalo wafasiri wa Kihispania hulitaja kila wanapokutana, nalo huandikwa "once." Kwa Kiingereza maana yake ni mara moja. Kwa Kihispania, herufi hizo hizo, mpangilio huo huo, maana yake ni kumi na moja. Sasa chupa ya dawa ikitoka dukani nusu imefasiriwa na nusu haijafasiriwa, imeandikwa umeze "once" kwa siku, nawe unasoma Kihispania, utameza ngapi? Mwaka 2010 watafiti walichapisha uchunguzi wa vibandiko vya dawa vilivyofasiriwa na kompyuta za maduka ya dawa mtaani Bronx, jijini New York, wakakuta karibu nusu yake vina makosa. Mfasiri mzuri anayeketi na mwenye duka la dawa na kumwonyesha kosa hilo hatapewa medali na mtu yeyote, kwa sababu aliyeokolewa hatajua kwamba aliokolewa.

Halafu kuna maneno yasiyokuwa na mwenzake katika lugha nyingine. Akina mama wengi wa Mexico hutaja ugonjwa wa watoto uitwao empacho: mtoto hali, tumbo limejaa, inasemekana chakula kimenasa ndani. Mkalimani mvivu atasema "tumbo linamsumbua" na mambo yataendelea. Mkalimani anayejua watu wake atalitamka neno lenyewe kama lilivyo, kisha atamweleza daktari kwamba huo ni ugonjwa wenye dawa zake za kienyeji na kwamba huenda ikafaa kuuliza mtoto amepewa nini. Kwani miongoni mwa dawa hizo zilikuwemo unga wa rangi ya chungwa uitwao azarcón na unga wa manjano uitwao greta. Mapema katika miaka ya 1980 maafisa wa afya wa Marekani waligundua kwamba unga huo ni madini ya risasi karibu matupu, yale yale yaliyokuwa yakitiwa katika rangi za nyumba zamani, nayo huharibu ubongo wa mtoto. Mama alikuwa akimtibu mwanawe kwa mapenzi yote huku akimlisha sumu. Hakuna kipimo cha hospitali kitakachokwambia hivyo haraka kuliko neno moja la mama, likifika kwa daktari bila kupunguzwa.

Sasa tufike kwenye upande wa pili wa kazi hii, ule wa kutetea. Na hapa msomaji, hasa wewe mama, naomba uvumilie, maana habari si nzuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali kubwa ya umma ya Los Angeles, wanawake wenye asili ya Mexico waliokuja kujifungua walifungwa kizazi. Wengine walikuwa katika uchungu, wanapelekwa kufanyiwa upasuaji, wakapewa karatasi watie sahihi. Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza. Kuna aliyedhani anaidhinisha upasuaji wa kumtoa mtoto tu. Kuna aliyekuja kujua miaka mingi baadaye, alipokwenda kuuliza kwa nini hapati mtoto mwingine. Daktari kijana wa hospitali hiyo hiyo, Bernard Rosenfeld, ndiye aliyetoa siri nje. Mwaka 1975 wanawake kumi wakaenda mahakamani, wa kwanza katika orodha akiwa Dolores Madrigal. Wakili wao Antonia Hernández alikuwa msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, naye aliwatafuta wanawake hao nyumba kwa nyumba, akazungumza nao kwa Kihispania. Chama cha akina mama cha Comisión Femenil Mexicana Nacional kikaungana nao.

Mwaka 1978 jaji akatoa uamuzi wake. Wanawake wakashindwa. Jaji hakuona kosa la madaktari. Kwa maoni yake yaliyotokea yalitokana na kutoelewana tu.

Kutoelewana tu! Mimi nimelirudia neno hilo mara nyingi. Mtu akikufungia mlango wa kizazi chako kwa karatasi usiyoweza kuisoma, hilo laitwa kutoelewana.

Lakini kushindwa kule hakukuwa bure. Kutokana na kelele za kesi hiyo na za watetezi wengine, kukawekwa masharti: fomu za idhini ya kufunga kizazi ziwe katika lugha anayoijua mwanamke, Kihispania kikiwemo, na zipite saa 72 baina ya kutia sahihi na upasuaji, ili mtu asisainishwe katikati ya uchungu. Baadaye muda huo uliongezwa. Nani aliandika fomu hizo za Kihispania? Mfasiri fulani, katika ofisi fulani, ambaye jina lake halimo katika historia. Ilimpasa achague neno la kufunga kizazi ambalo mwanamke wa kijijini atalielewa, neno lisilomfanya adhani kwamba kamba hiyo itafunguliwa baadaye. Usidhani ni jambo dogo. Hata sisi tunaposema "kufunga," kuna wanaoamini kwamba kilichofungwa hufunguka.

Kisheria, Marekani ilikuwa imekataza ubaguzi wa asili ya mtu katika huduma zinazolipiwa na serikali kuu tangu mwaka 1964, na mahakama zikaja kukubali kwamba kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha yake kunaweza kuwa ubaguzi huo. Mwaka 2000 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kulazimisha hospitali ziwe na wakalimani katika vyumba vya dharura. Mwaka huo huo Rais Bill Clinton akatoa agizo kwa idara zote za serikali kuu zihudumie wasiojua Kiingereza. Mwaka 2016 kanuni za afya zikakataza kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa pale roho ya mtu imo hatarini na hakuna njia nyingine. Mwezi Machi mwaka 2025 Rais Donald Trump akalifuta agizo la Clinton na kukitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi. Sheria ya mwaka 1964 haikuguswa, lakini waliokuwa wakiitegemea karatasi ya Clinton wakajikuta wanaanza tena kubisha milango.

Hapo ndipo kazi hii inapokuwa ngumu zaidi ya lugha. Mkalimani hufundishwa kuwa sauti tu. Asiongeze, asipunguze, asiegemee upande. Hata kuketi peke yake na mgonjwa chumbani, daktari akitoka, huambiwa aepuke, kwa sababu mgonjwa ataanza kumuuliza, "Dada, wewe ungekuwa mimi ungekubali upasuaji?" Naye si daktari. Lakini tuseme sasa yuko pale, na mwanamke mbele yake anaitikia "sí, sí" kwa kila kitu, kama tunavyoitikia sisi "ndio daktari" tukiwa hatujaelewa hata robo. Karatasi ya kutia sahihi imeshafunguliwa mezani. Mkalimani anaona machoni mwa mwanamke kwamba hajaelewa. Afanye nini? Akinyamaza, ametii kanuni. Akisema, amevuka mpaka wake.

Wenyewe wamelijadili jambo hili kwa miaka. Kanuni za maadili zilizotolewa mwaka 2004 na baraza lao la kitaifa zinasema kwamba pale afya, hali njema au heshima ya mgonjwa inapokuwa hatarini, mkalimani anaweza kuwa na haki ya kumtetea. Wamempa nafasi, lakini ni kama upenyo tu. Na wana namna ya kuupita ambayo niliipenda sana. Anapotaka kusema lake mwenyewe, huacha "mimi," maana "mimi" ni mali ya mgonjwa, naye hujiita kwa jina la kazi. Husema, "Mkalimani anahisi kwamba maelezo hayakueleweka, anaomba daktari aeleze tena." Kisha hulirudia kwa Kihispania, ili mgonjwa naye ajue kilichosemwa juu yake. Ni sekunde kumi tu. Kama ningelijua hilo mwaka 1999! "Daktari, mkalimani ana miaka 11, na swali hilo hawezi kulitamka."

Ndiyo maana wengine huishia kuhama kutoka chumba cha daktari hadi kwenye mashirika ya utetezi. Chumbani wanaweza kumsaidia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kanuni zimewashika mkono. Nje wanaweza kwenda kwenye vikao vya kaunti, kuandika barua, kudai fomu zibadilishwe. Tazama dawa za kunyunyizia mashambani. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya Marekani wanazungumza Kihispania, lakini kwa miongo mingi onyo juu ya mtungi wa sumu liliandikwa kwa Kiingereza. Watetezi walidai na kudai. Sheria ya kulazimisha maonyo hayo yawe na Kihispania ilitiwa sahihi mwezi Desemba mwaka 2022, kwa awamu, na awamu ya kwanza, ya dawa zenye sumu kali zaidi, ikapangiwa Desemba 2025. Mtu anaweza kuingia katika utetezi akiwa kijana na akastaafu kabla ya mtungi mmoja kubadilishwa kibandiko.

Mshahara nao? Mwaka 2023 mfasiri au mkalimani wa kati nchini Marekani alikuwa akipata takriban dola 57,000 kwa mwaka. Ukizigeuza ziwe shilingi utaruka kitini, lakini usisahau kodi ya nyumba ya Los Angeles. Na zahanati za mitaa si wakarimu sana. Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika hundi. Mtu aliyesema kutwa nzima, "Mwanangu amekufa," "Nilipigwa na mume wangu," "Nina miezi mingapi ya kuishi?", yote kwa nafsi ya kwanza, huenda nyumbani na maneno hayo yakiwa bado mdomoni.

Na hata yeye, pamoja na ujuzi wake wote, hufika mahali Kihispania kikakwama. Huko Oxnard, California, katika mashamba ya stroberi, mwaka 2001 muuguzi Sandra Young alikuwa na wagonjwa kutoka Mexico ambao hawakuelewana naye wala na wafanyakazi waliojua Kihispania. Hawakuwa wajinga wala wakaidi. Lugha yao ilikuwa Kimixteco, lugha iliyokuwako Mexico kabla Mhispania hajatia mguu. Kwa kila ofisa, mtu wa Mexico ni mtu wa Kihispania, basi. Young akaanzisha mikutano ya watu hao, na kutokana nayo likazaliwa shirika la MICOP, ambalo hufundisha wakalimani wa lugha za wenyeji wa asili. Siku nyingine chumba cha daktari huwa na watu wanne: daktari anasema Kiingereza, wa pili anageuza kwa Kihispania, wa tatu anageuza kwa Kimixteco, mama anajibu, na jibu linarudi kwa njia ile ile. Kipimo cha dakika kumi huchukua karibu saa nzima. Watu waliokwisha kufukuzana na foleni ya hospitali yetu wataelewa kwa nini wakubwa hununa.

Huko huko Marekani Kiswahili nacho kimeingia katika orodha ya lugha zinazotafutiwa wakalimani, kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Congo. Kama una mpwa huko anayetafuta kazi, mwambie. Lakini mwambie pia ya Oxnard, kwamba si kila atokaye Congo ana Kiswahili.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari. Ofisa wetu atakwambia kila Mkenya anajua Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali iendeleze lugha za kienyeji, lakini nenda kwenye zahanati yoyote ya mashambani umtazame mzee aliyeketi mbele ya daktari kijana kutoka kaunti nyingine. Ataitwa mfagiaji aje asaidie. Mfagiaji akikosekana, askari wa langoni. Naye akikosekana, wataangalia kama mzee amekuja na mtoto.

Susu alirudi nyumbani na dawa yake ya tumbo, akaimeza yote kwa utiifu. Miezi minane baadaye shangazi alikuja kutoka Mombasa, akamtazama mara moja tu, akamchukua kwenda hospitali nyingine. Shangazi alikuwa mtu mzima aliyezaa watoto watano na hakuwa na neno la kumtia haya. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imeshatambaa. Tulimzika Susu mwezi Desemba mwaka 2000. Daktari yule wa kwanza hakuwa na kosa, aliuliza swali lililotakiwa. Ikiwa jibu la kweli lingemwokoa, hilo sitalijua kamwe.

Juzi nilimpigia shangazi simu. Nikamuuliza swali lile la daktari, mtu akitaka kumuuliza mama mzee kwa Kikamba cha heshima, husemwaje? Akanitajia hapo hapo, bila kufikiri. Ni maneno machache tu, hakuna hata moja nisilolijua. Kisha akaniuliza, "Kwani nani mgonjwa?"

Nikamwambia hakuna, ni mambo ya gazeti.